Upepo Mkavu, Presha Tulivu: Namna ya Kuchagua Chujio na Regyuleta ya Kompresa

Hewa iliyoshindiliwa, ambayo mafundi wa Arusha na vitongoji vyake huiita upepo tu, hufanya kazi nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwa maana ndiyo inayonyunyiza rangi kwenye mabodi ya magari ya utalii, inayofungua nati za magurudumu kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, na inayoendesha mashine za kuchorongea miamba katika migodi ya tanzanaiti ya Mererani. Fundi anayefungua karakana Kikwe, Usa River au Tengeru kwa kawaida huichagua kompresa yake kwa makini, akiuliza ukubwa wa tangi na nguvu ya mota. Lakini vifaa viwili vidogo vinavyokaa kati ya tangi na mpira wa upepo, yaani chujio linalosafisha hewa na regyuleta inayopunguza na kutuliza presha yake, mara nyingi hununuliwa mwisho kabisa, na kigezo pekee huwa kwamba hesi zake zinaingia kwenye bomba lililopo. Utaratibu huo umepinduka, kwa sababu kinachostahili kuulizwa kwanza ni kazi itakayofanyika mwisho wa mpira: upepo unaotosha kufungua nati unaweza kuharibu kabisa rangi ya mlango wa gari.

Adui mkubwa wa upepo ni maji, na maji hayo hayapenyi kutoka mahali popote bali huingia na hewa yenyewe yakiwa mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke, na ikiwa unyevu wake ni asilimia 60 huwa imebeba gramu 10 hivi. Katika jiji la Arusha, lililo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya kawaida hukandamiza kwa bar 0.86 tu, badala ya bar 1.01 ya Tanga au Dar es Salaam. Kwa kuwa geji husoma ile presha iliyozidi hewa ya nje, kompresa inayofikisha bar 7, ambazo ni kama PSI 100, hulazimika kubana mita tisa za ujazo ziwe moja, ilhali pwani zingetosha nane. Kikwe, iliyo chini zaidi ya mji, iko katikati ya hali hizo mbili. Mita hizo tisa huingia na zaidi ya gramu 90 za mvuke, lakini ile moja iliyobaki, ikishapoa tena hadi nyuzi 20, haiwezi kushika zaidi ya gramu 17, na kiasi chote kinachozidi hugeuka maji. Kompresa inayovuta lita 500 za hewa kwa dakika bila kupumzika katika hali hiyo huzaa karibu robo lita ya maji kila saa, na katika siku ya kazi ya saa nane hizo ni lita mbili, ambazo zisipotolewa zitalitia tangi kutu au zitatokea kwenye bunduki ya rangi.

Hapo ndipo chujio linapohitajika, na ni vyema kufahamu linavyofanya kazi ili lisidaiwe lisiloliweza. Hewa inapoingia huzungushwa kwa kasi, matone mazito yakarushwa pembeni na kuteremka kwenye kikombe kilicho chini, kisha hewa hupita katika kiini chenye matundu madogo yanayozuia vumbi na kutu. Matundu hayo hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kiini cha mikroni 40 kinatosha kwa kazi nzito kama kufungua nati na kujaza matairi, cha mikroni 5 kinafaa zaidi kwa zana ndogo zenye vali nyembamba, na upakaji rangi huhitaji, baada ya hicho cha mikroni 5, chujio jingine la kuunganisha matone, ambalo hukusanya hata ukungu wa oili unaotoka kwenye kompresa na hufika hadi mikroni 0.01. Hilo la pili halifungwi peke yake, kwa kuwa vumbi ambalo lingezuiwa na la kwanza huliziba upesi.

Hata hivyo, hakuna chujio la aina hiyo linalozuia mvuke. Hewa ikifika ingali moto, maji yote yaliyomo hupita yakiwa mvuke na kugeuka matone mbele ya safari, ndani ya mpira, kwa hiyo chujio lililofungwa kwenye mdomo wa tangi husaidia kidogo sana kuliko linavyoonekana. Dawa yake ni kuipa hewa nafasi ya kupoa, kwa kulipeleka bomba la chuma umbali wa mita saba au nane hivi likiwa limeinama kidogo kuelekea kwenye koki ya kutolea maji, kuchukua matawi kutoka juu ya bomba wala si chini yake, na kulifunga chujio karibu na mahali pa kazi. Pale rangi inapopakwa kila siku, hasa wakati wa masika, mashine ya kukausha hewa kwa kuipoza ni gharama inayostahili kufikiriwa.

Wenyeji wa upande wa Meru wana mfano wa jambo hili majumbani mwao. Maji ya visima na chemchemi nyingi za eneo hilo yana madini ya floraidi, na mama anayeyachuja kwa kitambaa huondoa matope huku floraidi ikibaki palepale, kwa sababu imeyeyuka. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilihimiza matumizi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa. Vivyo hivyo, mvuke wa oili hupita kwenye chujio la mikroni 0.01 na hunaswa na mkaa maalumu tu. Kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye moshi wa injini, hupita hata kwenye mkaa huo, nayo haina rangi wala harufu. Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi: kompresa inayoendeshwa kwa dizeli na kuvuta hewa karibu na ekzosi yake inaweza kuwapelekea sumu watu walio shimoni au fundi aliyevaa barakoa ya upepo, na chujio la kawaida, liwe la bei gani, halitawaokoa. Upepo wa kuvuta pumzi huhitaji mitambo yake yenyewe na vipimo vyake.

Kikombe cha chujio nacho hudharauliwa, ilhali ndicho chenye hatari iliyo karibu zaidi. Vikombe vingi vinavyoonyesha ndani hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo huvumilia takriban bar 10 na joto la nyuzi 50, lakini thina, asetoni na baadhi ya oili za kompresa huidhoofisha na kuitia nyufa zisizoonekana kwa urahisi, hadi siku moja ipasuke na kurusha vipande. Katika karakana ya rangi, ambamo mvuke wa thina haukosi, kikombe cha chuma chenye kidirisha ndicho kinachofaa, au kwa uchache kile cha plastiki kilichovishwa kinga ya chuma. Na kikombe cha plastiki husafishwa kwa maji ya sabuni ya kawaida, kamwe si kwa thina wala petroli.

Regyuleta, kwa upande wake, ina kiwambo, yaani utando uliowambwa kama ngozi ya ngoma, ambao juu yake husukumwa na springi na chini yake husukumwa na hewa inayotoka. Kitasa kikikazwa, springi hushinda na vali hufunguka; hewa upande wa matumizi ikifikia presha iliyowekwa, kiwambo huinuka na vali hujifunga. Inafaa kuchagua ile inayoachia hewa ya ziada, kwa kuwa mtumiaji akipunguza presha, hewa iliyokwama mbele hutoka yenyewe. Geji yake iwe na kipimo cha juu karibu mara mbili ya presha ya kazi, kwani bar 2 hazisomeki vizuri kwenye geji ya bar 16.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuipima regyuleta kwa hesi badala ya kuipima kwa hewa inayopita. Regyuleta ya robo inchi inaweza kuonyesha bar 6 wakati kila kitu kimetulia, kisha ikashuka hadi 4 mara tu zana ya kufungulia nati inapoanza kuvuta, na fundi akadhani zana imechoka. Kabla ya kununua, jumla ya lita kwa dakika zinazohitajiwa na zana zitakazofanya kazi pamoja ilinganishwe na jedwali la mtengenezaji, kwa presha ileile itakayotumika, na nafasi iachwe juu yake. Zana kubwa za matairi mara nyingi huangukia kwenye nusu inchi. Geji nayo isomwe zana ikiwa inafanya kazi, maana kwa bunduki ya rangi, ambayo aina za presha ndogo huhitaji bar 2 hivi mlangoni na za zamani 3 hadi 4, tofauti ya nusu bar huonekana kwenye uso wa rangi. Kuongeza presha ili kuficha udogo wa regyuleta kuna gharama: zana inayotosheka na bar 6 ikilishwa bar 8 hula zaidi ya robo ya ziada ya hewa, na kila tundu linalovuja huvuja kwa kiwango hicho hicho, huku mita ya umeme ikizunguka.

Zana zinazozunguka huhitaji pia kitia oili baada ya regyuleta, lakini tawi la rangi litenganishwe kabla ya kifaa hicho, kwa kuwa tone moja la oili hutoboa rangi mbichi macho kama ya samaki, na mpira uliowahi kupitisha oili haufai tena kwa rangi. Mengine ni ya utunzaji: mshale ulio kwenye chujio ufuate mwelekeo wa hewa, kikombe kimwagwe kabla maji hayajafikia kiini, na kiini kibadilishwe presha inayopotea ndani yake inapokaribia bar 0.7, jambo ambalo wakati wa kiangazi, vumbi jepesi la udongo wa volkano linapotanda kati ya Kikwe na barabara kuu, hufika mapema kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema.