Subira ya Mwandishi na Wajibu wa Msomaji wa Mswada: Mfano wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Subira huhesabiwa aghalabu kuwa sifa ya mwandishi peke yake. Mswada wake ukikaa mwaka mzima bila jibu, huambiwa kwamba subira huvuta heri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hili lina wahusika watatu: mwandishi, mchapishaji, na msomaji anayeombwa kuutolea mswada maoni. Huyu wa tatu mara nyingi ni mmoja wetu.

Kwamba kitabu huweza kukawia, historia yashuhudia. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima ikatoka mwaka 1968. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa Nairobi mwaka 1973. Mifano hii huleta matumaini, lakini haielezi kwa nini mwandishi aliye huru naye angoje miaka.

Tuchukue mwandishi wa Eastlands. Tangu Pumwani ilipoanzishwa katika miaka ya 1920, Kiswahili kimekuwa lugha ya kuwaunganisha wakazi wa makabila mbalimbali. Kaloleni na Makadara kuna matawi ya maktaba ya McMillan, ambako kijana huweza kusoma hata kama nyumbani hamna nafasi. Hata hivyo, riwaya ya Thomas Akare kuhusu maisha ya mabandani, The Slums, ilitoka mwaka 1981 kwa Kiingereza. Mwenye kuandika maisha kama hayo kwa Kiswahili hukabiliwa na kikwazo cha lugha, kwa kuwa wahusika wake husema Sheng, ilhali wachapishaji wa Kenya hutegemea sana soko la shule, na vitabu vya shule sharti viidhinishwe na taasisi ya mitaala.

Mhariri akipokea mswada kama huo hathubutu kuuamua peke yake. Kupiga chapa kwahitaji fedha nyingi kabla ya nakala moja kuuzwa. Kwa hiyo huupeleka kwa mtaalamu wa lugha ili apate taarifa. Taarifa isipofika, mswada hausongi mbele wala haurudi. Mtaalamu naye ana mitihani ya kusahihisha na mihadhara ya kutayarisha, na malipo ya kazi hiyo ni madogo. Hapo ndipo miezi hupotelea.

Taarifa yenyewe yaweza kuwa na kasoro. Kuandika kwamba "lugha si sanifu", bila kutenga maneno ya msimulizi na mazungumzo ya wahusika, si kumsaidia mwandishi. Kosa la upatanisho wa kisarufi katika usimulizi lapasa kusahihishwa. Sheng kinywani mwa utingo wa matatu huenda ndiyo inayomfanya aaminike. Mwandishi aliyekataliwa kwa sababu zilizo wazi huweza kuandika upya, au kuupeleka mswada kwingine. Aliyenyamaziwa hana la kufanya.

Yafaa basi, tunapokubali kusoma mswada, tutaje siku ya kuukamilisha na kuishika; na tukishindwa, tuurudishe mapema apewe mwingine. Mwandishi atazidi kuhitaji subira, maana uhariri na upigaji chapa vina muda wake. Lakini isiwe subira ya kungoja bahasha iliyolala mezani petu bila kufunguliwa.