Turkana na Lamu kwa Likizo Moja

Mkaaji wa Ngara, jijini Nairobi, atakaye kuliona Ziwa Turkana na kisiwa cha Lamu katika likizo moja hana budi kuanza na ramani. Akiitazama, huenda akapiga mstari kwa kalamu kutoka Lodwar mpaka baharini, akadhani kwamba njia ndiyo hiyo. Sivyo. Ni kweli kwamba mradi wa LAPSSET, wa kuiunga bandari ya Lamu na nchi za kaskazini, ulizinduliwa mwaka 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Lakini hata mafuta ya Lokichar, yalipoanza kuchukuliwa kwa malori mwaka 2018, yalipelekwa Mombasa. Abiria naye hurudi Nairobi kwanza. Basi hizi ni safari mbili zinazokutana Ngara.

Na zihesabiwe hivyo. Siku 2 za kwenda Lodwar kwa kulala Kitale, siku 3 za kukaa, siku 2 za kurudi. Siku 1 ya kupumzika nyumbani na kufua nguo zilizojaa vumbi. Kisha siku 2 za kwenda Lamu kwa kulala Mombasa, 3 za kukaa, na 2 za kurudi. Jumla ni siku 15, na 8 kati yake ni za njiani. Aliye na likizo ya juma moja asijidanganye: ama apande ndege, ama achague upande mmoja.

Majira nayo yana amri yake. Mvua za masika, kuanzia Machi mpaka Mei, huweza kujaza ghafula mito mikavu ya Turkana. Na katikati ya mwaka upepo wa kusi huichafua bahari ya Lamu. Januari na Februari ni afadhali, maana kaskazi huvuma na njia huwa kavu, ijapokuwa joto la Lodwar hupita digrii 35. Maji ya ziwa yana magadi, kwa hiyo maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha. Pande zote mbili zina malaria. Yafaa kumwona daktari kabla ya kuondoka, wala si baada ya kurudi na homa.

Hatua ya kwanza haihitaji nauli ya basi. Kutoka Ngara mtu aweza kwenda kwa miguu mpaka Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa kilimani mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Huko ndiko yaliko makao ya mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, iliyogunduliwa na Bw. Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Heri kujifunza habari zake mapema, kwani aendaye Nariokotome kuitafuta mifupa hiyo hataikuta.

Njia ya Turkana hupita Kapenguria, walikohukumiwa Bw. Kenyatta na wenzake watano mwaka 1953. Walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 Bw. Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Kisiwa cha Manda, kinachokabili Lamu, nacho kilikuwa na kambi ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Na ngome ya Lamu ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Serikali ya wakati ule ilizichagua pembe hizi kwa sababu ya umbali wake, umbali uleule ambao msafiri wa leo huulipia nauli.

Hatari isifichwe. Barabara ya Kitale na Lodwar imepata kushambuliwa na wanyang'anyi, hasa sehemu za Kainuk. Na upande wa Lamu, watu wengi waliuawa Mpeketoni mwezi wa Juni 2014. Msafiri asafiri mchana, aulize habari za njia asubuhi ileile ya kuondoka, na akiambiwa angoje, angoje. Siku 1 au 2 za akiba zaweza kumtosha kwa jambo hili, nazo ziombwe kazini mapema.

Gari moshi la Mombasa, lililoanza mwaka 2017, huondoka Syokimau, si mjini. Atokaye Ngara aamke mapema. Kutoka Mombasa basi hupita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Hapo barabara huishia majini, na abiria huvuka kwa mashua. Nauli ipatanwe kabla ya kupanda, na mzigo uwe mwepesi, kwa maana katika vichochoro vya Lamu mchukuzi ni punda.