Mwanga, Umbijani na Maji ya Kijani ya Ghuba ya Mwanza

Kila kiumbe kinachojitengenezea chakula kwa nguvu ya jua hutegemea mambo mawili: kiasi cha mwanga kinachokifikia, na uwezo wake wa kuunasa. Kanuni hiyo huonekana katika mwembe uliopo uani. Huonekana pia katika Ziwa Victoria, ambako ushindani wa kugombea mwanga unaweza kuishia katika ini la mwanadamu.

Kiwanda ndani ya jani

Usanisinuru, yaani kazi ya mmea ya kutengeneza sukari kwa maji, hewa ya ukaa na nguvu ya mwanga, hufanyika ndani ya vichembe vidogo viitwavyo kloroplasti. Katika kila kichembe mna tando nyembamba zenye umbijani, rangi ya kijani inayonasa mwanga. Tando hizo hupangwa kwa marundo, mfano wa sahani kabatini, na huzungukwa na ujiuji wenye vimeng'enya vinavyounda sukari.

Mpangilio huo hubadilika kulingana na mwanga. Jani la juu la mwembe, linalopigwa na jua la mchana, huwa nene. Kloroplasti zake huwa na marundo madogo na vimeng'enya vingi, kwa kuwa mwanga upo wa kutosha na kinachotakiwa ni kasi ya kuutumia. Jani la kivulini huwa jembamba, na kloroplasti zake hujenga marundo makubwa yenye umbijani mwingi, ili hata mwanga hafifu usipotee. Ndiyo maana mche uliolelewa katika kivuli cha kitalu, ukihamishiwa juani kwa ghafla, hubabuka majani.

Kivuli ndani ya ziwa

Majini, mwanga hupungua kadiri kina kinavyoongezeka, na hupungua haraka zaidi maji yanapochafuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920, watafiti walioshusha sahani nyeupe katika maji ya wazi ya Ziwa Victoria waliweza kuiona hata ilipopita kina cha mita 5. Kufikia miaka ya 1990, katika sehemu nyingi sahani hiyo ilitoweka machoni kabla ya kufika mita 3. Rutuba inayotokana na udongo uliosombwa na mvua, majitaka, pamoja na vumbi na moshi unaobebwa na upepo, ilikuwa imestawisha mwani mwingi kiasi kwamba mwani huo ulijitilia kivuli wenyewe.

Katika giza hilo, mwani mzito wenye ganda la silika, uliokuwa mwingi hadi miaka ya 1960, ulipoteza nafasi yake. Waliofaidika ni sianobakteria, bakteria wa rangi ya kijani na buluu wanaofanya usanisinuru. Hawa hawana kloroplasti. Bali kloroplasti za mimea yote zilitokana na ndugu zao wa kale, waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita na kubaki humo wakifanya kazi. Tando zao hubeba rangi za ziada zinazonasa sehemu ya mwanga ambayo umbijani huiacha ipite.

Jamii iitwayo Microcystis ina silaha nyingine: vifuko vya hewa vinavyoielesha. Mchana, seli zilizopata mwanga mwingi hujaa sukari, huwa nzito na kushuka. Usiku huitumia sukari hiyo, nazo huwa nyepesi na kupanda tena. Alfajiri, ziwa likiwa shwari, hutanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika, na upepo mwepesi huzisukuma hadi ufukweni, mahali hasa ambapo ndoo huchotwa.

Sumu isiyoondolewa na moto

Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa sianobakteria wa Ghuba ya Mwanza hutengeneza mikrosistini, sumu inayoshambulia seli za ini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa maji yanayonywewa kila siku yasizidishe mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita. Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazili, pale maji yenye mikrosistini yalipotumika katika kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi.

Kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na desturi hiyo isiachwe kamwe. Hata hivyo, mikrosistini haiharibiwi na moto wa jikoni. Kuchemsha maji ya kijani, au kuyatia kidonge cha klorini yakiwa bado na uchafu huo, hupasua seli na kuiachia sumu ndani ya maji. Yafaa seli ziondolewe kwanza, kwa mfano kwa chujio la mchanga, ndipo maji yatibiwe.

Kwa familia iishiyo ufukweni, hatua ni hizi. Maji ya bomba yaliyotibiwa yapewe kipaumbele. Yasipopatikana, maji yasichotwe mahali penye utando wa kijani, na watoto wasiogelee hapo. Samaki watolewe matumbo na maini kabla ya kupikwa, kwa kuwa sumu hukusanyika zaidi humo.

Mhudumu wa zahanati anayempokea mgonjwa mwenye kutapika, kuhara, maumivu ya tumbo au vipele baada ya kuoga ziwani, aulize pia rangi ya maji aliyotumia. Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine mengi, na hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii mwilini. Matibabu ni kurudishia maji yaliyopotea, kuchunguza ini, na kumpa rufaa mapema mwenye macho ya manjano. Lakini swali hilo moja laweza kuwakinga jirani wote wanaochota mahali pamoja naye.