Mshahara wa Mwezi, Kodi ya Mwaka

Mvua za kwanza zilipoteremka hapa Choma, wilaya ya Igunga, niliamka usiku nikakuta kitanda cha watoto kimelowa. Bati lilikuwa limetoboka penye misumari, na dari, ambayo ilikwisha oza zamani, ikaanguka kipande kizima juu ya meza. Tukawahamisha watoto, tukapanga sufuria na ndoo mpaka kukapambazuka.

Mwenye nyumba hii simjui. Akaa mbali, na nyumba yake ameikabidhi kwa watu wa mjini Tabora ambao kazi yao ni kusimamia nyumba za wengine: kutafuta wapangaji, kupokea kodi na, kwa maneno yao wenyewe, kufanya matengenezo. Nilipopanga walitaka kodi ya miezi kumi na miwili kwa mara moja, na juu yake fedha ya mwezi mmoja ya dalali. Mimi ni mtu wa mshahara. Hulipwa mwisho wa mwezi, baada ya kazi kwisha. Ikanilazimu kukopa katika chama chetu cha akiba na mikopo ili nipate mahali pa kulaza watoto.

Asubuhi ile nilipiga simu. Kijana aliyeipokea aliniita "mzee wangu" kwa adabu nyingi, akasema fundi atakuja Jumatatu. Jumatatu ikapita. Nilipopiga tena nikaambiwa fundi angojea idhini ya mwenye nyumba. Mara ya tatu, idhini imepatikana lakini fedha haijatoka. Mwishowe niliomba ruhusa kazini nikapanda basi kwenda Tabora. Nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane. Bwana mkubwa alipotoka hakuuliza habari za bati. Aliuliza kama ninakusudia kuendelea mwaka ujao, maana kodi itapanda. Nikamwomba namba ya simu ya mwenye nyumba. Akajibu kwamba huo si utaratibu.

Nauli ya siku ile ingalitosha kununua lami na misumari ya kuzibia matundu yote. Jambo hilo liliniudhi kuliko benchi.

Nimefikiri sana kwa nini watu wale hawana haraka. Sidhani kwamba ni wakatili. Wamekwisha lipwa, basi. Mpangaji alipaye kila mwezi ana nguvu kidogo: bati likivuja na asisikilizwe, mwezi ukiisha aweza kufunga virago, na msimamizi atabaki na nyumba tupu. Aliyelipa mwaka mzima amewapa fedha na nguvu yake pamoja. Jirani zetu wa Kenya wamezoea kulipa kwa mwezi, na kuweka amana kidogo, wala wenye nyumba wa Nairobi hawakufa njaa.

Hata zamani katika njia ya misafara watu walikaa katika nyumba zisizo zao. Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, alipewa tembe akae. Paa la tembe ni la udongo, na mvua hulila kila mwaka. Lakini mgeni alimjua mwenyeji wake, na aliweza kumwendea kwa miguu.

Wengine watasema sheria ipo. Naam, ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamtaka mpangishaji amwache mpangaji akae kwa amani, na nyumba iendelee kufaa kukaliwa na watu. Sheria ya mwaka 2002 ilianzisha Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya. Lakini ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya kodi na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo, ilifutwa mwaka 2005. Siililii yote. Kodi za wakati ule zilikuwa ndogo mno, na wapangaji wa majumba yaliyotwaliwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba wanakumbuka jinsi yalivyochakaa bila rangi wala bomba jipya. Hata hivyo, kuondoa kizuizi cha kodi ni jambo moja, na kumwacha mfanyakazi alipe mwaka mzima kabla hajalala usiku mmoja ni jambo jingine kabisa. Bunge laweza kuweka ukomo wa kodi inayodaiwa mbele, hata bila kugusa bei.

Fundi hajafika mpaka leo. Lami niliipaka mwenyewe, na stakabadhi ya dukani ninayo. Juzi imekuja barua yao ya kudai kodi ya mwaka ujao. Nimewajibu kwa maandishi, na nakala nimeiweka, kwamba niko tayari kulipa mwezi kwa mwezi, na gharama ya lami na misumari ikatwe katika mwezi wa kwanza. Nangojea jibu lao.