Kipunguza Kasi Si Breki

Mkoa wetu wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na makao makuu yake yakiwa Bariadi, unaligusa Ziwa Victoria kwa upande wa Busega. Basi lifanywalo kando ya ziwa hilo latuhusu sisi na ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vingine. Mwaka 2025 maofisa wa Kenya waliitaja Kaunti ya Siaya, iliyo ufukweni mwa ziwa hilo hilo, kuwa mahali panapofikiriwa kujengwa kinu cha nyuklia. Hapana budi viongozi na wananchi walijue swali la kuuliza mapema: kipunguza kasi chake kitakuwa kitu gani?

Jina hilo huwapoteza wengi, nami lilinipoteza kwa muda mrefu. Nilidhani ni breki. Sivyo. Atomu ya urani 235 ipasukapo hutoa joto pamoja na nyutroni mbili au tatu, zitokazo kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kwa kasi hiyo nyingi hupita pasipo kupasua kitu. Zikipunguzwa hadi kilomita mbili hivi kwa sekunde, hunaswa kwa urahisi na urani nyingine, na moto huendelea. Kipunguza kasi, basi, ndicho kiuwezeshacho moto kuwaka. Breki ni fimbo nyingine, zenye boroni au mfano wake, zinazozimeza nyutroni.

Watoto wachezao gololi katika vumbi la Bariadi wanaijua siri yenyewe. Gololi ikigonga jiwe kubwa hurudi na kasi yake karibu yote. Ikigonga gololi mwenziwe husimama. Nyutroni ina uzito ulio karibu sawa na wa kiini cha haidrojeni, na maji yamejaa haidrojeni. Ndiyo maana vinu vingi duniani hutumia maji ya kawaida.

Huko Chernobyl, mwaka 1986, kipunguza kasi kilikuwa grafiti, na kazi ya maji ilikuwa kupoza. Maji yalipogeuka mvuke, grafiti ilibaki mahali pake ikiendelea na kazi yake, na nguvu ya kinu ikapanda badala ya kushuka. Mahali ambapo maji yenyewe ndiyo kipunguza kasi, maji yakitoweka mpasuko hufa. Lakini tusijidanganye: masalia ya mpasuko huendelea kutoa joto, na joto hilo ndilo lililoyeyusha vinu vya Fukushima mwaka 2011, baada ya pampu kukosa umeme.

Afrika haikuanza leo. Kinu chake cha kwanza kiliwashwa mwaka 1959 katika mji uitwao sasa Kinshasa. Kingine, cha megawati 1, kilifuata hapo hapo mwaka 1972 na kikafanya kazi hadi 2004. Vilikuwa vya utafiti, si vya umeme. Humo haidrojeni ilitiwa ndani ya fueli yenyewe pamoja na zirkoni. Fueli ikipata moto, haidrojeni hiyo huziongezea nyutroni kasi, na mpasuko hupungua papo hapo, kabla mtu hajagusa kitufe.

Mvuvi wa Ukara hahitaji shahada ili aulize mkutanoni: maji yakiisha, moto utafanyaje, na pampu zitapata wapi umeme? Naye ofisa atakayeketi na wenzake wa Kenya na aende na maswali hayo mawili yameandikwa.