Farasi Hukusoma Kabla Hujafungua Kinywa

Mwaka 1904 gumzo la jiji la Berlin lilikuwa farasi ajuaye hesabu. Jina lake Hans, na mwenyewe, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu. Akiulizwa mbili na tatu ni ngapi, Hans aligonga ardhi kwa kwato mara tano, akaacha. Tume iliyoongozwa na Profesa Carl Stumpf ilimchunguza isione hila yoyote. Aliyekuja kulifumbua fumbo hilo ni mwanafunzi wa Stumpf, Oskar Pfungst, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1907. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakulijua. Akizuiwa asimwone muulizaji, alikosea. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha mtu: muulizaji huinama kidogo kuutazama mguu wa farasi, na hesabu ikitimia kichwa humwinuka kidogo mno, pasipo yeye kujijua. Hapo Hans aliacha kugonga. Hata Pfungst, ambaye siri alishaijua, alishindwa kujizuia asiitoe ishara hiyo.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya farasi aliyeumbuka. Kwangu mimi ni sifa kubwa kuliko hesabu yenyewe. Mnyama anayeona mtikisiko ambao hata mwenye kutikisika hana habari nao amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mafunzo. Nusu iliyobaki ni ya mkufunzi, yaani mwili wake useme neno moja tu kwa wakati mmoja.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Ndiyo maana tunamwendea kwa upande wa bega, polepole, tukimsemesha. Ngozi yake nayo humhisi nzi anapotua na hutikisika mahali pale pale alipotua. Mnyama wa namna hiyo hana haja ya kupigwa visigino mbavuni ili aelewe.

Chukua zoezi la kumfundisha kusogea kando. Simama ubavuni pake, weka ncha za vidole nyuma kidogo ya pale mguu wa mpandaji unapokaa, ugandamize taratibu. Mwanzoni hafanyi kitu. Usiongeze nguvu kwa pupa, na usiondoe mkono. Mtazame mguu wa nyuma ulio upande wako. Utauona uzito ukianza kuhamia mguu wa pili, hata kabla kwato haijainuka. Ondoa mkono papo hapo! Kule kuachiwa ndiko kunakomwambia kwamba amepatia. Ukichelewa, akawa amekwisha kuinua kichwa au kukanyaga mbele, atashika kwamba hicho ndicho ulichokitaka. Nimeona farasi wengi wakiitwa wakaidi, na kosa lao ni kujifunza sawasawa kile walichofundishwa kwa kuchelewa.

Kibaya zaidi ni amri mbili kwa pamoja. Mpandaji mgeni akiingiwa na hofu hubana mapaja na kuvuta hatamu. Miguu inasema nenda, lijamu mdomoni inasema simama. Farasi hana jibu sahihi. Akienda anaumia kinywa, akisimama anabanwa mbavu. Wengine huruka na kutupa mtu. Wengine huacha kabisa kusikiliza, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu watu huwasifu kuwa wapole.

Sauti husaidia pia: ndefu na ya chini humtuliza, fupi za harakaharaka humwamsha. Lakini sauti isiyolingana na mwili haina kazi.

Naye farasi husema. Masikio yakielekea kwako, yuko nawe. Yakilala nyuma kabisa, amekasirika. Mkia ukipigwapigwa pasipo nzi, pua zikikazana, weupe wa jicho ukitokeza, kuna jambo. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2016 kazi nzuri sana. Waliwafundisha farasi 23 kugusa kwa pua mbao zenye alama, kuonyesha kama wanataka kuvishwa blanketi, kuvuliwa, au kuachwa walivyo. Farasi walichagua kulingana na hali ya hewa: palipokuwa na mvua na baridi waliomba blanketi, palipokuwa na joto waliomba kuvuliwa.

Kwa hiyo farasi akikataa leo kitu alichokifanya vizuri juzi, kabla ya kushika mjeledi vua tandiko. Pitisha kiganja mgongoni, ukibonyeza pande zote mbili za uti, uone kama anajikunja au anazamisha mgongo. Kagua kona za mdomo kama zina michubuko, na mwite daktari wa mifugo aangalie meno, maana meno ya farasi huendelea kuchomoza na kingo zake huweza kukwaruza shavu kila lijamu inapovutwa. Saisi aliye naye kila asubuhi mara nyingi ameshayaona haya, muulize kwanza.