Kasha la Njumu na Bei ya Jina

Sokoni Darajani, Unguja, kwenye jengo lililosimama tangu 1904, dalali wa samaki kwa miaka mingi hakuhitaji hati yoyote. Jodari yuko sakafuni, mnunuzi anamtazama jicho na mashavu, bei inapanda mpaka igote, basi. Ukitoka hapo ukaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, Hurumzi na Gizenga, unakuta mali ya namna nyingine: makasha ya njumu, vipande vya milango ya kuchonga, picha za Tingatinga. Hapo muuzaji hutaja bei, mgeni hukata nusu, wakakutana katikati. Mauzo yapo. Kinachokosekana ni bei ya kazi kupanda kadiri inavyobadilisha mikono.

Tazama inavyokuwa kwa kazi za Jean Tinguely, msanii wa Uswisi. Mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa walioshiriki maonyesho ya sanaa ya mwendo katika ukumbi wa Denise René, Paris. Kazi zake za miaka ile ni mbao zilizopakwa rangi, mbele yake vipande vyembamba vya chuma, nyuma mota ndogo na kapi. Mota ikiwashwa, kila kipande huzunguka kwa kasi yake. Fundi baiskeli wa hapa angevitazama vifaa hivyo na kuuliza vina nini cha ajabu. Hata hivyo kazi hizo hugombewa katika nyumba za mnada za Christie's na Sotheby's, kwa sababu kila kazi ina historia yake kwa maandishi: nani aliinunua, ilionyeshwa wapi, mota ni ya asili au imebadilishwa, na imo katika orodha ya kazi zake zote iliyochapishwa kitabuni. Baada ya nyundo kugonga, mnunuzi huongezewa ada ambayo katika nyumba hizo kubwa mara nyingi huzidi robo ya bei.

Kasha la njumu nalo ni mbao na madini: msaji au mninga, mabamba ya shaba, misumari iliyopangwa kwa nakshi, na chini yake droo. Mengine yaliletwa na majahazi kutoka Surat na Bombay, mengine yametengenezwa Unguja. Likifika mnadani London huandikwa kasha la Zanzibar la karne ya 19, na jina la fundi halipo. Huuzwa kama samani, kwa ukubwa na hali ya shaba. Makasha mapya yanayozeeshwa makusudi yameharibu zaidi: mnunuzi asiyeweza kutofautisha hulipa bei ya chini kwa yote mawili, na la kweli ndilo linaloumia.

Kwenye picha nako jina lina utata: Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu, hadi alipouawa 1972, lakini jina lake sasa ni la mtindo mzima unaouzwa kila duka la watalii. Kazi zake mwenyewe ni chache, nazo zimeghushiwa sana. George Lilanga, Mmakonde aliyefariki 2005, ameacha sanamu za mbao za rangi ambazo hupigwa mnada Ulaya. Karakana yake ilikuwa na wasaidizi wengi, kwa hiyo suala la mkono wa nani halikwepeki.

Nairobi wameanza kushughulikia upande huu wa mauzo na haki ya msanii. Nyumba ya sanaa ya Circle Art imekuwa ikiendesha minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013, na marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2019 yanampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Kwa fundi wa makasha wa Unguja, muhuri wa moto ndani ya kifuniko, namba, mwaka na nakala ya risiti vingegharimu chini ya bei ya misumari. Kwa sasa, hata sheria ya namna hiyo ikipita kesho Zanzibar, ofisi ya hakimiliki ya huko, COSOZA, haitajua hundi imwandikie nani.